KIJANA WA KIUME NA ZAHANATI: KWA NINI HAJI, NA HUJA LINI?

Katika zahanati ya kijiji, saa mbili za asubuhi, benchi la nje huwa limekwisha kujaa. Wamo akina mama wajawazito waliokuja kupimwa, wamo wenye watoto wachanga wanaongojea mizani na chanjo, na wamo wazee wawili watatu wenye kikohozi. Barobaro wa miaka kumi na minane au ishirini ni nadra kuonekana hapo, isipokuwa amejikata kwa panga au ameangushwa na pikipiki. Hali hii imezoeleka mno hata watu wengi huiona kuwa ni maumbile ya mwanamume, kama kuota ndevu. Lakini sababu zake zinajulikana, na zaweza kuchunguzwa kama jambo jingine lolote la sayansi.

Sababu moja ni ya kihistoria. Huduma za uzazi katika Tanzania zilijengwa juu ya msingi wa afya ya mama na mtoto. Mwaka 1974 uzazi wa mpango uliunganishwa na huduma hizo, na uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa, kwa kuwa ulizifikisha huduma mahali ambapo hapo awali hazikuwapo. Hata hivyo ulikuwa na tokeo moja ambalo halikukusudiwa. Mtoto wa kike na mtoto wa kiume hupimwa uzito pamoja mpaka wakaribiapo umri wa miaka mitano. Baada ya hapo wote wawili hutoweka. Msichana hurudi siku apatapo mimba, na tangu siku hiyo huonana na muuguzi mara kwa mara: hupimwa damu, hupimwa kaswende, hupimwa virusi vya UKIMWI (VVU), na huulizwa habari za mwili wake hata kama hajisikii kuumwa. Kijana wa kiume hana siku yake. Hakuna kadi yenye jina lake, wala mtu aliyeajiriwa kumwuliza habari zake akiwa mzima. Njia pekee aliyoachiwa ni ile ya kuugua kwanza.

Ubaya ni kwamba magonjwa mengi yahusuyo uzazi hayamwuguzi kijana kwa namna ya kumpeleka zahanati.

UGONJWA USIOJITANGAZA

Kisonono husababishwa na bakteria ambao, wakitazamwa kwa hadubini, huonekana wawili wawili, mfano wa maharage mawili yaliyolazwa ubavu kwa ubavu. Vijidudu hivi hujishika katika utando laini wa ndani ya mrija wa mkojo kwa vinyweleo vidogo sana, ndiyo maana haviondolewi na mkojo upitao. Mwili hupeleka chembe nyeupe za damu kupambana navyo. Chembe hizo zikifa kwa wingi, zikachanganyika na vijidudu na majimaji, ndizo zifanyazo usaha ambao mgonjwa huuona, mara nyingi baina ya siku mbili na saba baada ya kuambukizwa. Usaha, basi, si ugonjwa wenyewe. Ni alama ya vita kati ya mwili na ugonjwa, na pale ambapo mwili haupigani kwa nguvu, alama haionekani ingawa adui yumo ndani.

Kwa muda mrefu vitabu vya uganga vilifundisha kwamba kisonono kisicho na dalili ni jambo la wanawake zaidi, na kwamba mwanamume akikipata atajua tu. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza, na matokeo yake kutangazwa mwaka 1996, ulilitikisa fundisho hilo. Wanaume wapatao 5,900 walipimwa nje ya hospitali, katika jamii wanamoishi, pasipo kungojea waje kulalamika. Zaidi ya robo yao walisema kuwa wakati fulani katika maisha yao walikwisha kutokwa na usaha. Lakini walipochunguzwa wale ambao wakati huo huo walikuwa na vijidudu vya kisonono au vya klamidia, takriban 15 tu katika kila 100 ndio waliosema wana usaha. Waliosalia walikuwa wakilima, wakivua samaki na kuchunga ng'ombe kama kawaida.

Maana ya tarakimu hiyo ni nzito. Zahanati ingojayo wanaume wenye dalili, hata iwe na dawa kamili na mganga hodari, huwaona wachache tu kati ya wenye maambukizo. Naye kijana asemaye kwamba yu mzima kwa sababu haumwi hasemi uwongo. Anaeleza kile anachokijua.

Klamidia ni mnyamavu zaidi kuliko kisonono. Bakteria wake huishi ndani kabisa ya chembe za mwili, na kama dalili zitatokea, huwa ni muwasho hafifu au majimaji machache ya asubuhi ambayo kijana huyadharau. Magonjwa yote mawili yaweza kupanda mpaka kwenye mirija ihifadhiyo mbegu za kiume nyuma ya korodani, yakaleta uvimbe na maumivu makali, na pengine kuziba njia ya mbegu. Kwa mwanamke madhara ni makubwa zaidi: mirija ya uzazi hupata makovu, mimba hutunga nje ya mfuko wa uzazi, au haitungi kabisa. Mtoto azaliwaye na mama mwenye kisonono aweza kupata ugonjwa wa macho na kupofuka asipotibiwa upesi. Katika nyumba nyingi lawama ya kukosa mtoto humwangukia mke, naye huzungushwa kwa waganga miaka mingi, ilhali mume hajawahi kupimwa hata mara moja.

DUKA LA DAWA NA MWENZI ALIYESAHAULIWA

Haifai kusema kwamba vijana wenye dalili hawatafuti tiba. Huitafuta, ila si zahanati. Wengi huanzia katika duka la dawa, na mwenye kufikiri vizuri ataona kwamba duka hilo lina mambo ambayo zahanati haina: hufungwa usiku, muuzaji haulizi jina, hakuna daftari, na mteja humaliza shida yake kwa dakika tano. Katika zahanati nyingi, kinyume chake, kijana huulizwa dirishani kwa sauti kuu, "Unaumwa nini?" huku nyuma yake amesimama shangazi yake, na mbele yake mama wa rafiki yake. Si ajabu akajibu kwamba kichwa kinamwuma, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu, akaenda zake.

Maduka ya dawa muhimu yaliyoanzishwa kwa majaribio katika Mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, na baadaye kuenezwa nchini, yamesaidia kuwapa wauzaji mafunzo na kuwawekea mipaka. Lakini hatari ya dozi pungufu ingali ipo. Kijana mwenye fedha za vidonge vinne hununua vinne. Vijidudu dhaifu hufa, usaha hukoma, naye huamini kuwa amepona. Vile vyenye nguvu ya kustahimili dawa hubaki na kuzaana. Historia ya kisonono ni historia ya jambo hilo hasa. Penisilini ilikitibu kwa wepesi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini mwaka 1976 zilitambuliwa aina za vijidudu vyenye kimeng'enya cha kuivunja dawa hiyo. Baadaye tetrasiklini nayo ikapoteza nguvu, kisha siprofloksasini. Sasa tiba inayotegemewa zaidi ni sindano ya seftriaksoni, na wataalamu wanahofia kwamba nayo itafuata njia ya wenzake.

Kisha yupo mwenzi. Kijana akitibiwa kikamilifu peke yake, akamrudia mpenzi wake asiyetibiwa, ugonjwa humrudia kama mpira uliopigwa ukutani. Kwa sababu hiyo utaratibu wa tiba hutaka mgonjwa apewe karatasi ya kumwita mwenzi wake. Karatasi hiyo ni jambo dogo kwa mganga na jambo kubwa kwa kijana, kwa kuwa kuipeleka ni kukiri. Mganga mwenye busara hutumia muda mwingi zaidi kuzungumza juu ya karatasi kuliko juu ya dawa: atamwambia nani, kwa maneno gani, na je, itakuwaje huyo mwenzi akikasirika? Pasipo mazungumzo hayo karatasi huishia mfukoni.

MAJARIBIO MAWILI YA MWANZA

Kati ya mwaka 1991 na 1994 lilifanyika mkoani Mwanza jaribio ambalo limetajwa katika vitabu vya afya duniani kote. Jamii kumi na mbili ziligawanywa katika jozi sita. Katika kila jozi jamii moja ilipata huduma iliyoboreshwa ya magonjwa ya zinaa na ya pili iliendelea kama zamani, ikaja kupata huduma hizo baadaye. Uboreshaji wenyewe haukuwa wa ajabu. Watumishi wa zahanati na vituo vya afya vilivyokuwapo walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilihakikishwa hazikatiki, na wanakijiji walielezwa kwamba tiba ipo. Baada ya miaka miwili maambukizo mapya ya VVU katika jamii zilizopata huduma yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Sababu ya kibiolojia inaeleweka: kidonda hufungua mlango katika ngozi, na uvimbe huzikusanya mahali pamoja zile chembe za damu ambazo VVU huzitafuta.

Jaribio jingine lililofanyika Rakai, Uganda, ambako watu waliletewa dawa nyumbani kila baada ya miezi kumi, halikupunguza VVU. Wataalamu wameeleza tofauti hiyo kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa ni kwamba Rakai ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea zaidi. Yawezekana pia kwamba mlango wa zahanati ulio wazi kila siku una faida ambayo dawa igawiwayo mara moja kwa miezi kumi haina.

Jaribio la pili la Mwanza liliwalenga vijana moja kwa moja, nalo liliitwa MEMA kwa Vijana. Lilianza mwaka 1999 katika jamii ishirini, nusu zikipata huduma. Wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa elimu ya uzazi, watumishi wa afya walifundishwa namna ya kuwapokea vijana bila kuwakaripia, na kondomu zilisambazwa kwa mikono ya vijana wenyewe. Matokeo yake yanafaa kusomwa kwa utulivu, maana yana pande mbili. Ujuzi wa vijana uliongezeka, na hata walipopimwa tena miaka kadhaa baadaye, mwaka 2007 na 2008, ulikuwa haujafutika. Vijana wa kiume waliofika zahanati kwa dalili za magonjwa ya zinaa waliongezeka. Lakini VVU na malengelenge ya sehemu za siri havikupungua kwa kiasi kiwezacho kuthibitishwa.

Wapo waliosema kwamba kazi yote hiyo ilikuwa bure. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Jaribio lilionyesha kwamba kijana wa kiume huja akipokewa vizuri, na hilo halikuwa limethibitishwa kijijini hapo kabla. Lilionyesha pia kwamba kujua ni kitu kimoja na kutenda ni kingine, hasa pale ambapo wakubwa wa kijiji wanaendelea na mwenendo ambao kijana anaambiwa auepuke.

KUPIMA

Jambo la kupima VVU linaonyesha wazi gharama ya kumwacha mwanamume nje ya mlango. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017, zaidi ya nusu ya wanawake waishio na VVU walikuwa na virusi vilivyofifishwa kwa dawa. Kwa wanaume walikuwa takriban wawili tu katika kila watano. Dawa zilikuwa zile zile na bei ilikuwa ile ile, yaani bure. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba mwanamke alikwisha kupimwa kliniki wakati wa ujauzito. Katika uchunguzi uliofuata wa mwaka 2022 na 2023 hali ilikuwa njema zaidi kwa wote, ingawa wanaume walikuwa bado nyuma. Na ikumbukwe kwamba mtu ambaye virusi vyake vimefifishwa mpaka havionekani katika kipimo hawaambukizi wengine kwa njia ya kujamiiana. Kwa hiyo mwanamume asiyepimwa huyapoteza maisha yake, na huyahatarisha ya mwenzake pia.

Mwaka 2019 Bunge la Tanzania lilibadili sheria, likaruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila idhini ya mzazi, ambapo awali umri ulikuwa 18, na likaruhusu pia mtu kujipima mwenyewe. Kipimo cha kujipima hutafuta askari wa mwili waliotengenezwa dhidi ya virusi, si virusi wenyewe. Aina moja hutumia majimaji ya ufizi: mtu hupitisha kijiti juu ya fizi zake, hukitia katika kichupa cha maji maalumu, na husoma mistari baada ya muda ulioandikwa katika maelekezo. Kwa kuwa mwili huchukua majuma kadhaa kutengeneza askari hao, aliyeambukizwa karibuni aweza kuona mstari mmoja naye ana virusi. Inampasa arudie baada ya miezi mitatu. Na mistari miwili si hukumu ya mwisho, bali ni sababu ya kwenda kituo cha afya kwa vipimo vya kuthibitisha. Faida ya kijiti hiki kwa barobaro ni ile ile ya duka la dawa, yaani faragha.

MKASI ULIOWALETA

Huduma moja imewavuta vijana wa kiume kwa maelfu, nayo ni tohara. Majaribio matatu, la Orange Farm huko Afrika Kusini, la Kisumu nchini Kenya na la Rakai, yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa kiasi cha asilimia 50 hadi 60. La Kisumu lilihusu vijana watupu, 2,784, wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Maelezo yake ni haya: upande wa ndani wa govi una ngozi laini yenye chembe nyingi ambazo virusi hushikamana nazo kwa wepesi, na govi likiondolewa mlango huo hupungua upana. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tohara katika nchi zenye VVU vingi na tohara chache.

Mkoa wa Iringa ulikuwa katika hali hiyo hasa. Kiwango cha VVU kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha taifa, na jando halikuwa desturi ya wengi wa wenyeji. Katika kampeni ya mwaka 2010 walitahiriwa wanaume na wavulana 10,352 kwa muda wa majuma sita. Kazi iligawanywa ili mpasuaji asipoteze muda: wauguzi walimwandaa mteja na kumhudumia baada ya kupasuliwa, na mpasuaji akahamia kitanda cha pili. Hata wakati uliteuliwa kwa kuzingatia mawazo ya watu, maana huko huaminika kwamba kidonda hupona vyema zaidi katika miezi ya baridi. Mwanasayansi aweza kuibishia imani hiyo, lakini mpangaji wa huduma aliyeifuata aliwapata wateja.

Waliokuja kwa wingi walikuwa wavulana na vijana wadogo. Wanaume waliopita miaka 20 na kitu, hasa wenye wake, walisita, na walipoulizwa walitoa sababu zinazoeleweka. Waliona haya kukaa benchi moja na watoto wa jirani. Walihofia kupoteza siku za kibarua. Wengine waliogopa yale majuma sita ya kujizuia na tendo la ndoa, wakiwaza kwamba mke hatavumilia. Baadaye vituo vya Njombe na Tabora vilijaribu kuwatengea wanaume hao mahali pao pa kungojea, na kuwatumia wenzao waliokwisha kutahiriwa kuwaeleza mambo yalivyo.

Ipo hadhari moja ambayo kijana aliyetahiriwa huisahau upesi. Kinga ya tohara si kamili. Hupunguza VVU na malengelenge ya sehemu za siri, lakini dhidi ya kisonono na klamidia haina msaada wa kutegemewa, kwa kuwa vijidudu hivyo hukaa ndani ya mrija wa mkojo, mahali ambapo mkasi haufiki. Kondomu bado inahitajika.

Kwa upande wa watumishi wa afya, tohara ina jambo moja lisilopatikana penginepo. Kabla ya kupasuliwa kijana huchunguzwa kama ana ugonjwa wa zinaa, hupewa nafasi ya kupima VVU, na huelezwa habari za kondomu. Baada ya hapo hutakiwa kurudi siku ya pili na siku ya saba ili kidonda kiangaliwe. Kwa wengi hayo ni mahudhurio ya kwanza kwa miadi tangu walipoacha kupimwa uzito utotoni. Kuangalia kidonda huchukua dakika tatu. Muuguzi afungaye mlango, akaketi, akamwuliza kijana kama ana mwenzi, kama huyo mwenzi amepata kupimwa, na kama wanataka mtoto sasa au baadaye, huhitaji dakika nyingine kumi, na kitabu cha miadi chenye nafasi ya kuandika tarehe ya kuonana tena hata baada ya kidonda kupona.